Tusilipe Deni Isiyo Yetu kwa Sababu ya Haya

Maneno ya komite mbele ya mkutano mkuu wa wanachama. Tunayachapa hapa juu wengi waliyaomba, na juu ya wale ambao hawakuweza kufika.



Leo hatutasema juu ya mabati, mbegu wala minerval. Tutasema juu ya kitu ambacho wengi kati yetu tulikiacha Nairobi bila kujua kwamba tumekiacha. Hakikuingia kwenye valizi na hakuna mwizi aliyekiiba. Ni jina letu, ambalo lilibaki limeandikwa kwenye faili za watu, na wakati mwingine limeandikwa vibaya.

Mnajua namna tulivyoishi kule. Kuna aliyetembeza vitenge mlango kwa mlango Kayole na Githurai, kuna aliyeshona, aliyesuka nywele, aliyepiga gita kwenye bendi. Kila mmoja alikuwa na laini ya simu, na kwa simu ile alipokea franga, alilipa nyumba, na alikopa. Kukopa kwa simu Kenya ni jambo la dakika mbili. Kisha siku ya kurudi ilifika, tukauza kitanda na jiko, tukapanda basi, tukasema: yote ya kule yamekwisha. Hayakwisha. Sisi wenyewe ndio tuliovuka mpaka. Deni, ya kweli na ya uongo, zilibaki zikitungoja.

Tangu mwaka uliopita wanachama kadhaa walikuja kwenye biro yetu na neno moja: "Walinikatalia mkopo. Wanasema niko CRB." Wengine walilisema neno hilo kwa sauti ya chini, sawa na mtu anayetaja ugonjwa wa aibu. Ndiyo maana komite ilikubali tulizungumze wazi mbele ya wote.

CRB ni nini?

Hapa kwenye kartiye, mwenye kioski yuko na kaye yake ya madeni. Ukikosa kulipa sukari, jina lako linabaki pale, na mwenye kioski wa pili hajui. Sasa waza kwamba kioski zote za mji zinasoma kaye moja. Kenya iko na ofisi za namna hiyo, zinaitwa ofisi za taarifa za mikopo, na watu wanazijua kwa herufi tatu tu, CRB. Zenye ruhusa ya Benki Kuu ya Kenya ni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Benki na kampuni nyingine za kukopesha zinapeleka huko habari za kila anayekopa: alikopa kiasi gani, alilipa siku gani, alishindwa wapi. Wanapeleka mazuri na mabaya. Mtu aliyelipa vizuri, faili yake inamsemea vizuri. Kwa hiyo kuwa na faili CRB si dhambi. Shida ni pale kwenye faili panapoandikwa kwamba ulishindwa kulipa, na wewe ulilipa.

Na haisimami kwenye mkopo tu. Kule kuna kazi, zaidi za serikali, ambapo mwombaji anaombwa kuleta cheti cha CRB cha kuonyesha kwamba jina lake ni safi. Kwa hiyo mstari mmoja wa uongo unaweza kumfungia mtu mlango wa kazi.

Sasa tuwaeleze habari ya mama mmoja wa hapa kwetu. Ametupa ruhusa tuiseme, jina lake tunalificha.

Mama huyu ni mwenye vitenge. Alirudi nyumbani, lakini mara mbili kwa mwaka anapanda tena Nairobi kununua mali, na pale anayo benki ambako ameweka franga zake tangu zamani. Mnajua wenyewe maana ya mwezi wa tatu kwa mtu wa vitenge: tarehe 8 mars kila kikundi cha bamama kinataka pagne ya namna moja, na anayefika na mali mapema ndiye anayeuza. Mama alienda benki mwezi wa kwanza, akaomba mkopo wa kununua mali ya sikukuu ile. Walimwambia hapana. Alipouliza sababu, walimjibu kwamba faili yake inaonyesha deni ya shilingi 8,900 ambayo hakulipa, ya kampuni moja ya kukopesha kwa simu.

Alitupigia simu akilia. "Banasema niko na deni. Deni gani? Nililipa yote, hata moja sikubakisha!"

Neno la kwanza tulilomwambia ni hili, na tunawaambia na nyinyi: usibishane na mtu wa dirisha la benki. Yeye anasoma tu kile alicholetewa. Nenda kwenye chanzo, ukachukue ripoti yako mwenyewe. Sheria ya Kenya inampa kila mtu haki ya kupata ripoti yake bure mara moja kwa mwaka kutoka kila ofisi ya CRB. Unaweza kuiomba kwa simu, kwa intaneti, au kwenda kwenye biro zao na kitambulisho.

Ripoti ilipokuja tuliisoma pamoja, mstari kwa mstari, na kidole juu ya karatasi. Msisome ile namba ya juu ya alama tu. Angalieni: jina limeandikwa sawa? Namba ya kitambulisho ni yako? Kampuni gani imeleta deni? Ilikopwa siku gani? Wanasema ulishindwa tangu siku gani? Kiasi cha kwanza ni ngapi, na nyongeza za kuchelewa ni ngapi? Kila jibu linaonyesha kosa ni la namna gani.

Kwa mama yetu, jina lilikuwa lake, na mkopo ulikuwa wake. Alikopa shilingi 20,000 za mali, alipe mara nne, kila mara 5,750. Faili ilisema alilipa mara tatu tu. Ile ya nne pamoja na nyongeza ilikuwa imefika 8,900.

Tukamwuliza: mama, ya nne ulilipa namna gani? Akawaza. Akakumbuka kwamba siku ile simu yake haikuwa na moto, akaomba rafiki yake, mama mwenzake wa soko, amlipie kwa simu yake, yeye akampa franga mkononi. Ujumbe wa kukubali malipo uliingia kwenye simu ya rafiki. Na mama, kwa sababu ni mtu wa biashara, alinakili ile kodi ya malipo kwenye kaye yake ya vitenge, kati ya hesabu za wax na hesabu za super. Herufi na namba kumi. Kaye alikuwa nayo bado.

Kodi ile ndiyo iliyomwokoa. Kila malipo ya M-Pesa yanabeba kodi yake, na kwa kodi ile kampuni inaweza kutafuta franga zilipoenda. Rafiki naye aliomba taarifa ya malipo ya laini yake, akaipata, ikaonyesha siku, saa, kiasi, na namba ya akaunti iliyoandikwa. Hapo ndipo tulipoona kilichotokea. Mahali pa 9 paliandikwa 6. Franga ziliingia kampuni ile ile, siku ile ile iliyopaswa, lakini kwenye akaunti ya mteja mwingine.

Tuseme ukweli wote: kidole kilichokosea kilikuwa cha upande wetu. Tunalisema juu mtu anayedai haki yake huku anaficha kosa lake, akikamatwa na moja anapoteza yote.

Kampuni ilipopigiwa simu, ilijibu kwa upole: "Lipa tu hiyo 8,900, halafu tutakuondoa." Na hapa ndipo komite yetu iligawanyika. Wazee wawili walisema: mama alipe, yaishe. Deni ni ndogo, sikukuu inakaribia, tena sisi ni wageni kule, mgeni hashindani na mwenyeji. Mmoja alitaka hata kese yetu itoe franga hizo siku ile ile. Wengine tulisema hapana. Tulijadiliana mpaka usiku, na maneno hayakuwa matamu.

Sababu yetu ya kukataa ilikuwa hii, na tunaomba kila mmoja aishike. Kulipa deni na kufuta kosa ni vitu viwili mbalimbali. Ukilipa deni ambayo imeandikwa kwamba ulishindwa, faili haisafishwi siku hiyo. Inabadilika tu neno moja: badala ya "hajalipa" inaandikwa "amelipa". Lakini habari kwamba ulishindwa inabaki, na Kenya inaweza kukaa miaka 5 tangu siku uliyomaliza kulipa. Lakini ikionekana kwamba deni haikuwepo, kwamba iliandikwa kwa makosa, basi mstari ule unatolewa. Mama angelipa 8,900 kwa sababu ya haya, angekuwa amenunua miaka 5 ya jina baya kwa franga zake mwenyewe. Na angekuwa amelipa mara mbili.

Basi tuliandika. Hatukupiga tena simu ya maneno matupu. Tuliandika barua mbili, siku moja, maneno karibu yale yale: moja kwa kampuni iliyopeleka jina, moja kwa ofisi ya CRB iliyotoa ripoti. Barua haikuwa ndefu. Ilikuwa na vitu hivi:

Jina kamili na namba ya kitambulisho, sawa na vilivyo kwenye ripoti.
Mstari unaokataliwa: namba ya akaunti, kiasi, tarehe.
Sababu kwa sentensi chache: malipo ya nne yalifanywa siku fulani, kodi yake ni hii, yaliingia kwenu, mliyaweka kwenye akaunti isiyo yangu.
Ushahidi: kopi ya ripoti, taarifa ya malipo ya laini ya rafiki, barua ndogo ya rafiki yenye sahihi yake akisema alilipa kwa ajili ya mama, na kopi ya kitambulisho.
Ombi lililo wazi: mstari utolewe, si kuandikwa "amelipa", na nyongeza zote zifutwe.
Anwani ya sasa na namba ya simu ya sasa, ile inayofanya kazi hapa.

Hatukuweka matusi, wala kilio, wala historia yote ya maisha yetu. Tulibaki na kopi ya kila karatasi, na tuliandika kwenye kaye siku tuliyotuma na jina la aliyepokea.

Tulitaja pia jambo lingine. Kwa kanuni za Kenya, kabla kampuni haijapeleka jina lako CRB kama mtu aliyeshindwa, inapaswa kukupa taarifa siku 30 mbele, ili ulipe au ukatae. Kampuni ilisema ilituma ujumbe. Kweli ilituma. Ilituma kwenye laini ambayo mama aliiacha alipovuka mpaka. Laini isiyotumika muda mrefu inarudishwa na kampuni ya simu na kuuzwa kwa mtu mwingine. Kwa hiyo onyo la mama lilisomwa na mtu asiyemjua, labda alilifuta akifikiri ni matapeli. Jambo hilo peke yake halingetosha kutushindia, juu mama hakuwapa namba mpya. Lakini lilieleza kwa nini alinyamaza muda wote ule, na mtu asifikiri alikimbia.

CRB ilijibu kwanza. Ilisema imeweka alama kwenye mstari ule kwamba mwenyewe anaukataa, ili kila benki itakayosoma ijue kuna ubishi. Ilisema pia kwamba imeuliza kampuni, na kwamba uchunguzi hautapita siku 21.

Kampuni ilijibu mara ya kwanza: "Malipo hayaonekani." Tukatuma kodi tena. Ikajibu mara ya pili: "Tumeyaona, lakini kosa ni lako, uliandika namba vibaya." Jibu letu lilikuwa fupi. Tulisema: kosa la namba tunalikubali. Lakini franga ziliwafikia siku ile, mlizikaa nazo, na hakuna mtu mwingine aliyezidai. Mtu ambaye franga zake ziko mfukoni mwenu tangu siku ya ahadi, hamwezi kumwandika kwamba hakulipa. Sahihisheni.

Siku ya 19 walisahihisha. Ripoti mpya ilikuja bila mstari ule.

Tulifurahi, tukafikiri imekwisha. Mama alirudi benki, na benki ikamwambia: bado uko na deni. Tulishangaa. Kumbe benki ile inasoma ofisi nyingine ya CRB, na kule kosa lilikuwa bado. Ofisi ni tatu, na kosa likipelekwa zote, litolewe zote. Ikabidi tuombe ripoti za ofisi mbili zilizobaki, tuandike tena, tuambatanishe barua ya kampuni ya kukubali kosa. Mara hii ilikwenda mbio, juu ushahidi ulikuwa tayari. Lakini siku zilipita.

Mama alipata mkopo wake mwezi wa tano. Tarehe 8 mars ilikuwa imepita. Vitenge alivyotaka kuleta, wengine walivileta na kuviuza, na hasara ile hakuna aliyemlipa. Tunalisema hili ili msitoke hapa mkifikiri ni hadithi tamu. Jina limesafika, sikukuu ilipotea. Kama angeomba ripoti yake miezi sita mbele, angeuza.

Kama kampuni ingekataa mpaka mwisho, tungefanya nini? Njia zilikuwepo. Benki Kuu ya Kenya ndiyo inayozipa ruhusa ofisi za CRB, na inapokea malalamiko juu yao. Kampuni za kukopesha kwa simu nazo zinapaswa kuwa na ruhusa yake tangu sheria ilipobadilishwa mwisho wa 2021 na kanuni zikatoka 2022. Jambo la kwanza la kutazama ni kama kampuni inayokudai iko kwenye orodha ya Benki Kuu. Tena kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Inampa mtu haki ya kusahihishiwa habari zake za uongo, na iko na biro yake Nairobi, ya Kamishna wa Data, ambayo inapaswa kumaliza malalamiko katika siku 90. Huko kote hakuna haja ya kuwa na avoka ili usikilizwe.

Sasa, ndugu zetu, kuna upande wa pili, na haungekuwa uaminifu kuuruka.

Kuna ndugu mmoja aliyetujia akisikia habari ya mama. Akasema: "Na mimi munisaidie, kuna deni kule." Tukauliza, akaeleza. Laini aliyotumia Nairobi haikuwa kwa jina lake. Alipofika kule hakuwa na karatasi, na jirani mmoja, mwanamke Mkenya, alimhurumia akamwandikishia laini kwa kitambulisho chake. Wengi wetu tuliishi hivyo, tusijifiche. Kwa laini ile ndugu alikopa, na wiki alipoamua kurudi, alikopa mara ya mwisho shilingi 6,000, akapanda basi.

Aliyeandikwa CRB ni jirani. Jirani aligundua pale alipoombwa cheti cha CRB akitafuta kazi ya ualimu.

Ndugu yetu alikuwa na wazo: jirani aandike kwamba laini iliibiwa, na sisi tutie sahihi kama mashahidi. Komite ilikataa, na safari hii hatukugawanyika. Barua inayokataa deni ni kitu cha kusema kweli. Siku tutakapotia sahihi ya uongo, barua zote za wanachama wengine hazitakuwa na uzito tena. Tena mwanamke yule alitusaidia tulipokuwa wageni. Hatuwezi kumlipa kwa kumfundisha kusema uongo mbele ya kampuni.

Tulifanya hivi. Kese ilimkopesha ndugu, si kumpa, na anarudisha kila mavuno. Deni ililipwa kupitia jirani mwenyewe, akapewa barua ya kampuni kwamba hana deni tena, akaomba cheti. Tulimpigia simu tukiwa wazee watatu, tukamwomba msamaha kwa jina la ushirika. Alitusikiliza. Alisema, "Nimewasamehe, lakini ile nafasi ya kazi ilikwenda." Na kama tulivyosema, kwenye faili yake bado imeandikwa kwamba kulikuwa na deni iliyochelewa kulipwa. Hilo hatuwezi kulifuta, juu ni kweli. Anachoweza ni kueleza kwa anayeuliza, na kanuni zinasema mtu asinyimwe mkopo kwa sababu ya mstari huo peke yake. Lakini tunajua wenye dirisha wengi hawaangalii zaidi.

Kwa hiyo mbele ya kuandika barua, jiulize kwanza, uko upande gani. Deni si yako? Ni yako lakini ulilipa? Ni yako lakini kiasi wamezidisha? Ilipita miaka na ilipaswa kuwa imetolewa? Hayo yote kataa, kwa karatasi, bila haya. Lakini kama ni yako na hukulipa, njia ni kuongea na kampuni, kuomba ilipwe kidogo kidogo, kuomba wapunguze nyongeza, na kupata barua ya mwisho. Wanapunguza mara nyingi kuliko tunavyofikiri, mtu akija mwenyewe.

Kuna mambo mengine matatu madogo.

La kwanza ni uvumi. Wengi wanasema, "Deni zote za simu Kenya zilifutwa." Si kweli. Mwezi wa 11 mwaka 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza mpango wa mikopo midogo ya simu ya benki, ile ya kulipwa ndani ya siku 30: walioshindwa wapunguziwe angalau nusu, na kilichobaki walipe. Mpango ulifungwa tarehe 31 mwezi wa 5 mwaka 2023. Aliyelala akifikiri yake ilifutwa, aamke aangalie ripoti. Jambo lingine lililobadilika tangu 2020 ni kwamba deni iliyo chini ya shilingi 1,000 haipaswi kumwingiza mtu CRB. Ukikuta umeandikwa kwa shilingi 400, kataa.

La pili ni matapeli. Kuna watu wanaoandika kwamba watakusafishia jina kwa siku moja, uwape shilingi elfu kadhaa, picha ya kitambulisho na namba ya siri ya simu. Hakuna mtu wa nje anayeweza kufuta mstari wa kweli, na mstari wa uongo unafutwa bila kulipa. Namba ya siri usimpe mtu yeyote, hata sisi komite. Tukikuomba, jua si sisi.

La tatu ni kwa wale ambao bado wako kule na wanajiandaa kurudi. Wapigieni simu muwaambie haya: mbele ya kuuza kitanda, omba ripoti zako tatu. Lipa kilichobaki, omba barua ya kumaliza. Malipo ya mwisho fanya kwa laini yako mwenyewe, na soma namba ya akaunti mara mbili mbele ya kubonyeza. Toa taarifa yote ya malipo yako, iweke kwenye karatasi. Waachie kampuni namba mpya au anwani ya ndugu aliyebaki. Na kama laini iko kwa jina la mtu mwingine, irudishe mikononi mwake, deni sifuri, mkiwa wote wawili mmekaa pamoja.

Wengine watauliza: haya ni ya Kenya, sisi tuko hapa, yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Hapa kwetu pia Banque Centrale iko na Centrale des risques yake, na kama mtu alishindwa fasi moja, benki ya pili inaweza kujua. Hata likelemba zetu zinaulizana. Desturi ya kuchunga risiti na kusoma kilichoandikwa juu yako si ya nchi moja.

Kwa wafadhili wetu, neno moja. Mnapenda kuona mabati kwenye picha, na sisi tunashukuru kwa mabati. Kazi hii haina picha. Iligharimu kopi, unite za simu, nauli ya taxi ya mwanachama wetu aliye Nairobi aliyebeba barua mkono kwa mkono, na saa nyingi za watu wanaojua kusoma karatasi. Lakini mama mwenye mkopo ananunua mali, anawalipia watoto minerval, na mwaka huu ameweka mchango wake kwenye kese bila kukumbushwa. Tunaomba kwenye bajeti ijayo kuwe na mstari mdogo wa kazi hii.

Kuanzia wiki ijayo, kila alhamisi asubuhi, biro itakuwa wazi kwa habari hizi. Tumeandaa mfano wa barua kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Njoo na kitambulisho ulichotumia kule, namba ya laini ya zamani, na kaye yako ya biashara, hata kama imeliwa na panya. Asiyejua kusoma aje pia, tutasoma pamoja. Na yule ambaye deni ni yake kweli, aje vilevile. Hatutamcheka. Tutakaa naye tuhesabu.